Kichungulie Juani

Kabla hujauliza bei, mwombe mwenye duka akuruhusu kukitoa kisanduku cha breka nje. Atakutazama kama mteja anayetaka kuonja chumvi, lakini mwombe tu. Ukifika barazani, vua kifuniko cha mbele, uinue ule mwili mtupu usawa wa uso wako huku mgongo wake ukielekea jua, halafu tazama ndani kama unavyochungulia chungu sokoni. Jua la Tabora la saa 8 mchana halina aibu. Kila ufa, kila pembe ambayo bati halikukutana sawasawa, kila kitobo kilichotobolewa na kusahauliwa kitawaka kama nyota. Nyota moja mbili huzibika. Mimi niliwahi kurudisha kisanduku kilichokuwa na mbingu nzima.

"Mzee, hilo ni orijino," kijana wa duka aliniambia.

"Orijino ya wapi, mwanangu?"

Akacheka, nami nikacheka, tukainama pamoja kwenye rafu ya chini kutafuta kingine.

Naandika juu ya kisanduku cha pili. Cha kwanza ni kile kilicho jirani na mita ya Luku, ambacho fundi wako alikiweka kwenye mchoro ulipoomba umeme. Cha pili huzaliwa baadaye, na mara nyingi huzaliwa kimyakimya: umejenga vyumba vya wapangaji uani, umefungua fremu ya duka mbele, umetumbukiza pampu kisimani, umenunua mashine ya kusaga. Waya unavutwa kutoka nyumba kubwa, boksi linapigiliwa ukutani, breka tatu nne zinapachikwa, maisha yanaendelea. Shughuli ya TANESCO inaishia kwenye mita yenye lakiri yake, na lakiri hiyo haiguswi. Baada ya hapo ni wewe na fundi wako, ambaye anatakiwa awe na leseni ya EWURA. Nyongeza ya uani ni nadra kupata mtu wa kuja kuikagua. Basi mkaguzi ni wewe, na ukaguzi wako unaanzia pale barazani.

Miaka ya kushika bisibisi imenizoesha kukipima kisanduku kwa matundu yake kuliko kwa jina lililoandikwa mlangoni. Jina ni stika, na stika inachapishwa popote. Tundu ni vigumu kulighushi: ama limekatwa na mtu aliyejua kitakachopita hapo, ama limekatwa na mtu mwenye haraka.

Watu wa huku hawakuwa wateja rahisi zamani. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 1857, walikuta soko lenye macho. Merikani, ile shuka nzito iliyovuka bahari kutoka viwanda vya Massachusetts, ilikuwa na thamani yake, na kaniki ilikuwa na yake. Ushanga uliopokelewa kwa furaha mahali pamoja ulikataliwa safari ya siku chache mbele, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ungeweza kulala njaa umekalia mali. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetembea kutoka Bagamoyo na farasila mbili begani hakubeba kitu cha kwenda kurudishwa. Leo mzigo unakuja kwa lori na kwa treni kupitia Dodoma na Manyoni, na sisi wajukuu wa watu waliokataa shanga tunapokea boksi lolote mradi limepakwa rangi nyeupe. Inaniudhi kidogo.

Tuanze na mwili. Bati linahimili kugongwa, panya hawalitafuni, na kwenye karakana ya kuchomelea, ambako cheche zinaruka kutwa, sikubali kuweka kingine. Lakini bati lina madeni yake. Lazima liungwe ethi, mwili pamoja na mlango, kwa kipande cha waya laini kinachovuka bawaba. Bawaba peke yake si ethi, maana rangi na kutu hukaa katikati. Ukifungua mlango usione skrubu ya ethi iliyotengenezewa mahali pake, rudisha. Rangi ipitishie ukucha: ile iliyookwa kiwandani haibanduki, ile ya kupulizwa vichochoroni inatoka kama ganda la kitunguu. Kisha bonyeza katikati ya kifuniko kwa dole gumba. Kikibonyea na kulia kama kopo la mafuta ya kula, siku fundi atakapokaza skrubu zake nne kitapinda, na pale kilipopinda pamekuwa tundu jipya.

Plastiki haipati kutu na mwili wake haukupigi shoti, kwa hiyo ndiyo ninayoipenda nje, kisimani na barazani. Udhaifu wake ni jua na moto. Nyeupe duni ikipigwa na jua miaka miwili hugeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na ukiigusa inavunjika kama kaki. Kuhusu moto kuna jaribio ninalolifanya uani kwangu. Kile kipande cha duara ulichokitoa ili kupitisha waya, kishike kwa koleo, kiwashe kwa kiberiti, kisha ondoa kiberiti. Plastiki njema inazima yenyewe baada ya sekunde chache. Mbaya inaendelea kuwaka huku ikidondosha matone ya moto. Usisimame upande wa moshi. Ukiona matone, kisanduku hicho kifanye cha kuwekea misumari.

Kwenye visanduku vya nje utaona herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni habari ya vumbi, ya pili ni habari ya maji. IP65 maana yake vumbi haliingii kabisa, na maji yakirushwa kwa bomba hayapenyi. IP54 inaruhusu vumbi dogo lisiloharibu kazi na inahimili maji ya kurukia. IP40 ni ya ndani ya nyumba, inazuia kitu kinene cha kuanzia milimita 1 na haijui lolote juu ya mvua. Tarakimu hizo ni ahadi ya kisanduku kabla mkono wa fundi haujakigusa. Akipitisha waya mwembamba kwenye tundu pana na kuliacha hivyo, IP65 yako imegeuka hadithi.

Visanduku vingi huja na viduara vilivyokatwa nusunusu ili fundi avigonge pale anapotaka. Kitikise kisanduku kwanza. Kiduara kinachodondoka chenyewe kilikatwa kupita kiasi. Ukishanunua, gonga kimoja kwa kitako cha bisibisi, pigo moja au mawili. Kizuri kinatoka kizima na kuacha duara laini. Kibaya kinapasua mwili, au kinaacha meno. Meno hayo hukaa kimya mwaka, miaka miwili, yakilamba ngozi ya waya kila lori linapopita na kuutikisa ukuta, mpaka yafike kwenye shaba. Kwa hiyo tundu la bati livikwe pete ya mpira, na waya mnene upite kwenye glandi inayoukaba shingoni. Ushike ule waya uuvute: ukisogea, glandi ni ya urembo.

Waya uingilie chini. Tundu la juu ni kinywa kilichofunguliwa kuelekea mvua na vumbi, na maji yana tabia ya kufuata waya mpaka mwisho wake. Kama hakuna njia ila kutokea juu, uache waya ushuke chini ya kisanduku, upinde tumbo, ndipo upande kuingia. Tone litadondokea kwenye lile tumbo.

Na kuna kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya kwenye kisanduku cha bati, tena kwa sababu linapendeza macho: fezi inapewa tundu lake, nyutro inapewa la kwake. Umeme unaokwenda na unaorudi ukipita pamoja, sumaku zao zinafutana. Ukiutenganisha, chuma kilicho katikati kinabaki ndani ya sumaku inayogeukageuka kufuata mizunguko 50 kwa sekunde ya umeme wetu, na kinapata joto chenyewe bila waya wowote kukigusa. Kwenye taa hutajua. Kwenye mashine inayovuta ampea 40 mchana kutwa utanusa rangi ikichomeka, utakaza kila skrubu, na hutampata mchawi. Fezi zote pamoja na nyutro yake zipite tundu moja.

Sasa vilivyomo. Breka ipime kiganjani. Ndani ya breka halali kuna vibati vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Kazi yake ni kuukatakata mwali unaoruka pale njia ya umeme inapokatika. Mghushi hubania hapo, kwa sababu mnunuzi haoni. Nimewahi kupasua breka ya bandia kwa nyundo, pale penye kurasa nikakuta hewa. Ukiwa na breka mbili za ukubwa mmoja, na moja ikawa nyepesi waziwazi, usisikilize maelezo.

Kisha isome uso. C20 maana yake ampea 20 za aina C. Ile 6000 iliyozungushiwa kiboksi ni ampea ambazo breka inaweza kuzikata kwenye shoti bila kupasuka. Kwa kisanduku cha nyumbani nataka 6000, na yenye 3000 namwachia muuzaji. Herufi ina lugha yake. B inakata papo hapo umeme ukifika kati ya mara 3 na 5 ya kiasi kilichoandikwa, C kati ya mara 5 na 10, D kati ya mara 10 na 20. Mota inapoanza kuzunguka huvuta kama mara 6 ya umeme wake wa kawaida, ndiyo maana mwenye pampu aliyewekewa B anaishi akirudisha breka juu, mpaka siku anapochoka na kuunga waya moja kwa moja. Weka C kwenye pampu. Kwa mashine nzito ya fezi tatu, muulize fundi wako kuhusu D, na akiitaja bila kuuliza ethi yako ikoje, tafuta fundi mwingine.

Mfukoni natembea na kipande cha sumaku nilichokitoa kwenye spika ya redio mbovu. Nakiweka juu ya basiba, kile kipande kinachogawa umeme kwenye breka, halafu juu ya vile vipande vyenye safu ya skrubu ambavyo nyutro na ethi hufungwa. Sumaku haishiki shaba, iwe nyekundu au ya njano. Ikinata, ni chuma kilichochovywa rangi, nacho kinapata joto pale ambapo shaba ingebaki baridi. Skrubu zenyewe zikinata si neno, nyingi ni za chuma. Zitazame vichwa lakini: skrubu ambayo bisibisi ikizungushwa kwa nguvu inaumbuka hutaweza kuikaza tena mwaka ujao. Funga humo kipande cha waya wa milimita za mraba 2.5, uuvute kama unavyomvuta mbuzi mkaidi. Ukichomoka dukani, nyumbani utachomoka zaidi.

Chukua kisanduku kikubwa kuliko haja yako. Ukihitaji breka sita, nunua chenye nafasi tisa au kumi. Sababu ya kwanza unaijua: mwaka ujao utaongeza friji. Ya pili ni joto. Breka za majumbani hupimwa kiwandani kwa nyuzi 30. Zikibanana kwenye kisanduku kilichojaa, kwenye ukuta unaotazama magharibi, Oktoba, ndani kunakuwa kama tanuru ya mkate na breka inaanza kukata kabla ya haki yake. Mwenye nyumba analaumu breka, ananunua kubwa zaidi, na sasa waya ndio unaoungua badala ya breka kukata. Ukuta wa mashariki au wa kusini, chini ya upenu, usawa wa macho ya mtu mzima: hapo ndipo pa kukiweka.

Zile nafasi zisizotumika zizibwe kwa vizibo vyake. Ni vipande vidogo vya plastiki ambavyo huja ndani ya mfuko pamoja na skrubu, na mafundi huvitupa pamoja na mfuko. Nafasi ya breka moja ina upana wa karibu milimita 18. Kidole cha mtoto wa miaka mitatu kinaingia na nafasi inabaki.

Umbali nao ni sehemu ya kisanduku, ingawa hauonekani dukani. Tuseme pampu iko mita 60 kutoka nyumba kubwa na inavuta ampea 20. Umeme unakwenda mita 60, unarudi mita 60. Kwa waya wa shaba wa 2.5 utapoteza karibu volti 18 njiani. Kati ya 230 zilizotoka, zitafika 212 na pampu itaguna kila inapoanza. Kwa waya wa 4 hasara inashuka hadi kama 11, kwa wa 6 inabaki 7 na ushei. Breka iliyoko nyumba kubwa ndiyo inayoulinda waya huo wa njiani, kwa hiyo ichaguliwe kwa kipimo cha waya, na iwe kubwa kuliko zile zilizoko kwenye kisanduku cha pili, ili tatizo la pampu lisikizime kisanduku chote cha pili. Wale wa vijijini waliopewa kifaa cha UMETA, ile Umeme Tayari yenye taa, soketi na breka yake mahali pamoja, wasivute kisanduku cha pili kutoka kwenye soketi yake. Kiliwekwa kwa ajili ya nyumba ndogo ya taa na redio. Ukitaka kusaga, anza upya kutoka kwenye mita.

Wadudu sasa, maana ukifika hapa bila kuwataja mchwa wewe si mtu wa Tabora.

Kulikuwa na mashine ya kusaga kando ya barabara ya Sikonge. Kila siku saa 12 asubuhi mwenyewe akiiwasha, breka ya kuvuja umeme, ile wanayoiita RCD, ilikuwa inakata. Saa 4 ikikubali, inafanya kazi mpaka jioni bila ubishi. Fundi wa kwanza alibadilisha RCD. Wa pili akabadilisha tena, kisha akashauri iondolewe kabisa. Niliitwa mimi, nikamwambia mwenyewe nitalala pale pale. Alfajiri, tukiwa tumezima meni na kupima kwa testa, nilifungua kifuniko kwa mwanga wa tochi. Kutoka kwenye tundu la skrubu la mgongoni, lile linaloshikilia kisanduku ukutani, ulitoka mfereji wa udongo mwekundu wenye unene wa kalamu. Ulipanda pembeni, ukakata kona, ukalala juu ya vichwa vya waya za moto mpaka kwenye bati. Juu yake unga wa mahindi ulikuwa umetua tabaka kwa tabaka, na usiku umande ulikuwa umeufanya uji. Niligusa kwa ncha ya kidole: ulikuwa na ubaridi wa udongo wa mtungi. Jua likipanda na kupasha chumba, uji ulikuwa unakauka na uvujaji unakoma. Ile RCD iliyotaka kung'olewa ndiyo iliyokuwa ikisema kweli kila asubuhi.

Tundu lile la mgongoni lilikuwa na upana wa milimita 6.

Tangu hapo sibandiki kisanduku kikagusana na ukuta, hasa ukuta wa tofali za udongo. Nakiweka juu ya vipande viwili vya mninga vyenye unene wa kidole, ili nyuma yake pawe na uwazi ambao jicho linaweza kupita. Mchwa hawaupendi moyo wa mninga, na hata wakipanda juu yake mfereji wao utauona kabla haujafika. Matundu ya skrubu nayaziba kwa silikoni. Kupuliza dawa ya wadudu ndani ya kisanduku chenye umeme ni kuchezea moto, na oili chafu ambayo watu hupaka ukutani inavuta vumbi na kulifanya tope.

Nyigu wa udongo hukaa kwenye mabomba ya waya yaliyo wazi, na nyumba zao huziba njia mpaka waya mpya haupiti. Kizibo kidogo mwishoni mwa bomba kinatosha. Mjusi kafiri ni mkubwa wa shari. Anafuata wadudu wanaofuata taa, akichoka anajinyoosha palipo na joto, na mara nyingine anajinyoosha kati ya fezi mbili. Usiweke taa ya usiku juu ya kisanduku. Ihamishie upande wa pili wa baraza na mjusi atahama nayo.

Ethi ya nyumba nyingi ni nondo yako mwenyewe uliyoipigilia ardhini, na ardhi ya huku ina misimu. Ipime nondo moja mwezi wa 3, mvua ikiwa bado inanyesha, halafu uipime mwezi wa 9, mchanga ukiwa mkavu kama majivu: utadhani ni nondo mbili. Chukua hesabu ya kiangazi. Ethi imepanda hadi omu 100, na fezi imegusa mwili wa kisanduku cha bati. Volti 230 gawa kwa 100 ni ampea 2.3. Breka ya ampea 20 haitashtuka hata kidogo. Umeme utakaa kwenye lile bati ukimsubiri mtu wa kwanza mwenye miguu peku. RCD ya miliampea 30 ndiyo itakayoona, kwa kuwa yenyewe haiangalii ukubwa wa umeme unaopita, inaangalia kama uliotoka umerudi wote. Kwa ardhi yetu, RCD siihesabu kuwa anasa. Iwekwe hata kama bajeti italazimisha kupunguza soketi.

Nondo ipigiliwe mahali maji ya bafu yanapomwagika au kwenye shina la mgomba, siyo kwenye kona kavu iliyo karibu kwa ajili ya kuokoa mita mbili za waya. Ikishindikana, weka mbili zenye umbali kati yake zaidi ya urefu wa nondo moja. Chumvi wanayomwaga watu inasaidia msimu mmoja na inaila nondo misimu yote. Na kwenye kisanduku cha pili, nyutro na ethi zikae kila moja kwenye kipande chake. Fundi akiziunganisha "ili iwe na nguvu", ethi inaanza kubeba umeme wa kazi, na RCD itakata bila kuacha, na atakwambia RCD ni mbovu.

Radi naipitia haraka. Mvua za kwanza zinapoanza, kuelekea Novemba, laini ndefu zinazokatiza miombo hupokea radi na kuleta mawimbi mpaka kwenye televisheni. Kinga ya radi ya kupachikwa pamoja na breka iwe kwenye kisanduku cha kwanza. Kisanduku cha pili kikiwa mbali zaidi ya mita 10, kipewe ya kwake. Waya wake wa kwenda fezi na ethi ukijumlishwa usizidi sentimita 50, maana waya mrefu unaozungushwa kwa mapambo unaidhoofisha kinga. Ina kidirisha: kijani ni mzima, chekundu amekufa akikutetea. Kwa nyutro inayokatika kwenye nguzo, ambayo inaweza kuleta volti karibu na 400 kwenye nyumba iliyozoea 230, kinga ya radi haitoshi. Kuna kifaa kingine kinachokata umeme ukizidi au ukipungua, na kwenye friji na pampu kinalipa gharama yake.

Ukaguzi nafanya mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mawingu. Kabla ya kuzima chochote nabonyeza kitufe cha RCD chenye herufi T. Isipokata, inang'olewa siku hiyo hiyo. Napitisha mgongo wa mkono juu ya kifuniko kilichofungwa nikitafuta sehemu yenye joto kuliko jirani zake. Nanusa. Skrubu iliyolegea ina harufu ya samaki aliyeanza kuoza, ni ile plastiki inayopikwa polepole, na mara nyingi pua huijua kabla ya jicho. Ndipo nazima meni, nahakikisha kwa testa, nafungua, nafagia vumbi kwa brashi kavu ya rangi, nakaza skrubu moja moja. Waya uliogeuka kahawia au mweusi mdomoni naukata mpaka penye shaba inayong'aa, naufunga upya.

Mwisho naandika mlangoni, kwa penseli, breka ipi ni ya nini. Wino hufifia. Wakati fulani nilifungua boksi la zamani la fyuzi za kigae kwenye nyumba moja jirani na stesheni, limepigiliwa juu ya ubao wa mninga ambao mchwa hawakuwa wameugusa hata kona. Waya zilikuwa zimeshakatwa siku nyingi. Ndani ya mlango, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa mstari, penseli ilikuwa bado inasomeka: Sebule. Jiko. Banda la kuku. Redio ya Mzee.